Uso wa Dada Yangu Baada ya Keki

Ndugu zetu wa Toronto wakifunga ndoa, mpiga video ni mimi, tena sipendi kusaidiwa. Nilipomaliza kuhariri harusi ya mpwa wangu, nilijipongeza kwa kikombe cha pili cha chai. Wiki tatu baadaye mpwa wangu akanieleza kwamba mkewe hapokei tena simu za mama yake, ambaye ni dada yangu wa toka nitoke. Mke ameona kwenye video kwamba hakupendwa.

Kisa ni keki. Bibi harusi alipopiga magoti kumlisha mkwe wake, mimi nilikuwa nahangaika na betri, nikaukosa uso wa dada. Nyumbani nikatafuta sura yake nyingine, nikapata ya saa moja kabla: amefumba macho, kageukia pembeni, kabana midomo. Nikaipachika mara tu baada ya kile kipande cha keki, nikatandaza muziki juu yake. Niliona ni ufundi.

Binti yangu, anayesomea filamu, alinikalisha mbele ya kompyuta hapa kwetu Flemingdon Park. Aliuchukua uso ule ule akauweka baada ya picha ya mtoto anayelia. Dada akawa na huruma. Akauweka baada ya sinia la pilau. Akawa anavuta harufu. Akaurudisha kwenye keki, na hapo nikaona alichokiona bibi harusi: mwanamke anayeukataa mkono wa mkwewe mbele ya ukumbi mzima.

"Uso haujasema kitu, baba," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Wewe ndiye umesema."

Niliona aibu, na nikakasirika kidogo, maana nimezoea kumfundisha mimi.

Jumamosi nilipanda basi hadi kwa maharusi, Rexdale, kompyuta begani. Bibi harusi aliniamkia vizuri, akanimiminia chai, lakini akakaa mbali. Nikamwambia kosa ni langu, nikamfungulia picha zenyewe kabla ya kukatwa, bila muziki. Ulikuwa wakati wa sala, na ukumbi mzima umefumba macho. Dada yangu amegeuka ili asionekane akilia. Kamera ilikuwa karibu naye, kwa hiyo chini ya sauti ya mchungaji ilisikika ya kwake, ikitetemeka, ikipenya kwenye midomo aliyoibana: "Ee Mungu, huyu binti yuko mbali na mama yake. Nisaidie asijione mgeni kwangu."

Mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno hayo. Niliyafunika kwa muziki kabla ya kuyasikiliza.

Bibi harusi aliomba nirudie, kisha akaomba tena. Nikamwahidi kwamba nitaitengeneza video upya, ile sala niifupishe kidogo, nitafute na wimbo mwingine wa taratibu.

"Mjomba," alisema, akiwa ameshashika simu kumpigia mkwe wake, "hapo usikate."