Bwawa Lililokauka na Tovuti ya Habiba

Mwanangu, katika siku za ujana wangu ipo moja ambayo sijaitua mpaka leo: siku niliyokaa mbele ya kompyuta ya chuo kikuu, kidole juu ya kitufe cha kufuta, nikitaka kumfanyia rafiki yangu hisani ambayo hakuihitaji.

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni. Intaneti ilikwisha kufika Nairobi, lakini kwetu Garissa ilikuwa bado ni kitu cha kusimuliwa, kama theluji. Mimi na Habiba, binti wa mtaa wetu, tulikuwa tukisomea shahada ya pili. Yeye aliandika tasnifu kuhusu sahan, mtu anayetumwa na wafugaji atangulie mbele ya mifugo, atafute malisho na maji, kisha arudi kueleza alichokiona. Mimi niliandika kuhusu jambo ambalo hata mwenyewe silikumbuki vizuri.

Siku hizo mwanafunzi aliilinda tasnifu yake kama sufuria ya nyama nyumba ikijaa wageni. Habiba akafanya kinyume. Alifungua tovuti, na kila aliporudi kutoka kwa wafugaji wa Bute au Kotile aliweka humo alichokiona, alichoambiwa na aliyemwambia, na hata asichokielewa. Yeyote aliweza kusoma. Nami, niliyehesabiwa bingwa wa kompyuta kwa kuwa nilijua kuizima bila kuiharibu, nilimsaidia kupandisha kurasa zake.

"Walaal, ndugu yangu, watu watakuibia mawazo," nilimwonya.

"Wakiiba, angalau wamesoma. Yako nani ataiba?"

Kuonya si ujinga, lakini kuna majibu mtu hukaribisha mwenyewe.

Kisha mambo yakaharibika. Habiba alikuwa ameandika kwamba bwawa moja karibu na Kotile hushika maji mpaka mwisho wa kiangazi, na sura nzima ya tasnifu ikasimama juu ya bwawa hilo. Aliporudi huko kiangazi kikiwa kimekomaa, alikuta udongo uliopasuka na nyayo za mbuzi zilizokauka. Mara ya kwanza alipita baada ya mvua kubwa, akadhani bwawa huwa hivyo siku zote. Na watahini walikuwa karibu kuketi.

Tulikuwa Garissa, nyumbani kwa baba yake mdogo, Adeer Hussein, aliyekuwa sahan ujanani na sasa aliuza mbuzi sokoni. Nilimnong'oneza Habiba, "Tukifika Nairobi naufuta mstari ule kwenye tovuti. Nani atajua?"

Adeer akaweka chini kikombe cha chai. "Mnanong'ona nini kwangu?"

Habiba akamweleza yote, bila kupunguza.

"Hiyo tovuti yako, wameisoma watu wangapi?"

"Sijui, Adeer. Iko wazi, na anayeisoma Nairobi huwaambia jamaa zake huku."

"Basi hujui nani ameshahamisha mifugo yake." Akanigeukia. "Na wewe msomi, ukishafuta maneno, yule aliyekwisha kuyasoma utamfutaje?"

Nikasema mambo ya kompyuta ni tofauti kidogo.

"Wallahi naamini. Ndiyo maana hamna ngamia."

Habiba alicheka mpaka akasahau msiba wake. Adeer hakucheka. Alituambia kwamba sahan aliyekosea harudi kimyakimya. Husimama mbele ya watu akasema: nilisema kuna maji, hakuna, na hapa ndipo nilipopotoka. Watu humkasirikia, tena sana. Kisha humtuma tena. Aliyeficha hatumwi tena, hata kuita mbuzi walio uani.

Basi ndiyo siku ile. Tumerudi Nairobi, nimekaa kwenye kompyuta ya chuo, kidole bado kiko juu ya kitufe cha kufuta, na Habiba amesimama nyuma yangu ameshika kiti.

"Usifute," akasema. "Uache, uandike chini yake."

Akanisomea, nami nikapiga chapa: Nilisema bwawa hili halikauki. Nimerudi, limekauka. Nilipita baada ya mvua nikadhani ndiyo hali yake. Aliyeniamini anisamehe, na aulize wenyeji kabla ya kuhama.

"Watakunyima shahada."

"Wanaweza," akasema. "Pandisha."

Mwaka ule hawakumpa. Mtahini mmoja alikuwa ameusoma ukurasa, akamuuliza kwa nini kosa lake amelianika mwenyewe. Habiba akamweleza habari za sahan. Wakamwambia sura ile aiandike upya, naye akakosa mahafali ambayo baba yake alikwisha kuyachagulia mbuzi. Mimi nilivaa joho langu, na mtu aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa yeye.

Mwaka uliofuata alirudi na sura mpya, kuhusu namna sahan anavyokiri kosa na kwa nini watu huendelea kumwamini. Watahini walisema ndiyo roho ya tasnifu. Mbuzi yule, aliyekuwa amenenepa kwa kusubiri, tulimla kwa furaha. Miaka mingi baadaye wanafunzi bado walimwandikia kuhusu ukurasa wa bwawa. Tasnifu yangu isiyo na doa iko maktabani, na msomaji wake mwaminifu ni vumbi.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Leo nyinyi mnaandika mambo yenu mbele ya ulimwengu mzima kabla hata ya kunywa chai, na kufuta ni rahisi kuliko kupiga chafya. Mwanangu, sikuambii uogope kukosea. Nakuambia hivi: sema ulichokiona, mtaje aliyekuambia, na siku ukigundua umewapotosha watu, rudi kwa njia ile ile uliyopeleka habari, sauti ikiwa kubwa vilevile. Nyayo zilizopotea njia nazo ni habari kwa anayekuja nyuma.

Mungu akujaalie macho ya kuona, moyo wa kurudi ulikopotoka, na watu watakaokutuma tena. Amin.