Kidole ya sita

Mama ya Baluku amefukuza muzazi leo, mutoto hata hajaogeshwa!

Masika, bibi ya Baluku, alizaa asubui. Mutoto iko na vidole sita kila mukono.

Mama mukwe akapiga kelele: "Kwetu hiyo haiko! Peleka kwa mwanaume yako wa kule Kilembe!"

Ngojeni. Baluku ni mimi nilimuzalisha, mugongo yangu ikiwa bado nzima. Naye alikuwa na sita! Nilifunga ile ya sita ya kila mukono na uzi mpaka ikaanguka. Uzi nilipewa na mama yake.

Nikasema: "Baluku mwanangu, onyesha kovu. Ni damu yako."

Akaingiza mikono mu mufuko.

Masika akabeba mutoto, akaenda analia.

Mama ya Baluku akamimina maji, Baluku akanawa. Kovu zote mbili nje!

"Kula, mwanangu," mama yake akamuambia.

Na akakula. Wenzangu, nyinyi mungeweza kumeza?