Zamu ya Casemiro

Kwa miaka mingi redio yetu ya kijijini, huku kusini mwa Brazili ambako wengi wetu ni wajukuu wa wahamiaji kutoka Polandi, ilikuwa na vinywa viwili. Casemiro Skrobot alisema jambo kwa Kipolandi, mkewe Genoveva akalirudia kwa Kireno: bei ya mahindi, saa za misa, nani kafiwa. Walibishana hewani kama walivyobishana jikoni, na watu waliacha kukamua ng'ombe wawasikilize. Kisha Agosti, katikati ya baridi, Casemiro akafa.

Genoveva alirudi kazini na nusu yake tu. Kipolandi alikijua kuliko marehemu, lakini kila ilipofika zamu ya mumewe alinyamaza, macho kwenye maikrofoni iliyo mbele ya kiti kitupu, ndipo akaendelea kwa Kireno. Aliniagiza nisiifunge maikrofoni hiyo. Mimi ndiye fundi mitambo, na mambo ya mizimu siyaamini. Lakini katika ukimya ule mshale unaopima sauti ya maikrofoni hiyo kwenye mtambo wangu ulikuwa ukitikisika. Nilibadilisha nyaya, nikaziba dirisha, nikalaumu mvua, na bado ulitikisika. Niliogopa, wala sioni aibu kusema.

Mwenyekiti wa redio alitaka pengo lile lijazwe muziki. Genoveva alimjibu kwamba siku atakayosema yeye mahali pa Casemiro, Casemiro hatakuwa tena na pa kukaa. Mwenyekiti aliondoka bila kumaliza kahawa yake.

Aliyemuunga Genoveva mkono ni Bibi Tecla Wachovicz, mjane wa kule bondeni, aliyepiga simu kila wiki.

“Leo mumeo kakohoa,” alimwambia. “Mwambie avae sweta. Na wewe uache kumkatiza.”

“Hata alipokuwa hai hakunisikia, bibi.”

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Novemba Bibi Tecla naye akafariki. Binti yake, Ivone, alituletea ombi la marehemu: atangazwe kwa Kipolandi, lugha aliyokuwa akiitumia kusali, na mtangazaji awe Casemiro. Kwetu maiti haitolewi nyumbani kabla redio haijaitangaza. Jeneza lilikuwa sebuleni, na padri alikuwa ameshafika.

Genoveva aliketi, akanyamaza, akampa mumewe zamu. Mshale ukatikisika. Tukangoja. Ivone alisimama mlangoni, kashika kitambaa cha kichwa cha mama yake, akikitazama kile kiti. Mshale uliendelea kutikisika, lakini tangazo halikutoka.

“Mama Genoveva,” Ivone alisema taratibu, “mama anangoja.”

Genoveva aliinuka, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Kwa Kipolandi alimtaja Tecla Wachovicz, akataja alikozaliwa, wanawe, na saa ya maziko. Sauti yake haikutetemeka. Alipomaliza aliacha kimya kirefu kwa makusudi. Nikautazama mshale. Ulikuwa umelala.

“Bado yupo?” aliniuliza, kiganja juu ya maikrofoni, bila kugeuka.

Nilitamani kumdanganya. Nilimwambia hayupo.

Mabega yakamshuka. Kisha akanionyesha kwa kidole maikrofoni yake mwenyewe, ile ya Kireno, niifunge. Nikaifunga. Akaondoa kiganja, na palepale kwenye kiti cha Casemiro akarudia tangazo lote kwa Kireno, bila kumwachia mtu nafasi.