Siku Tate Alingoja Matabishi mu Duka Kubwa

Tate, mama ya baba yangu, alikuwa anaenda kasoko, soko yetu kadogo, na noti moja, anarudi na kitunga imejaa. Miye nilikuwa namuitaka mwizi.

"Tate, unanunua kitu moja, unarudi na tano. Siku moja batakufunga."

"Banifunge," anajibu bila kuniangalia, anatoa mawe mu maharagi. "Chakula ya gereza iko ngumu, na miye sina meno. Batanirudisha kesho yake."

Alitufikia Bunia na miguu, kutoka upande ya Djugu, wakati vita ilichoma kijiji yake. Sufuria ilikuwa kwa kichwa. Sufuria ilikuwa yake, lakini kifuniko ilikuwa ya sufuria ingine kabisa, sababu risasi ilipoanza alikamata kitu mukono ilikuta. Kila jioni tulipika, na ile kifuniko inaanguka ndani ya maharagi. Nilimwambia kama sufuria yake ilikimbia na bwana ya mwengine. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya pili alinipiga na mwiko, na bado alikuwa anacheka.

Tulikuwa batu kumi mu vyumba mbili. Baba hakukuwa na kazi tena. Masomo ilikuwa inafungwa leo, inafunguliwa kesho, na miye, lazima niseme ukweli, sikulia sana. Tate aliona chakula mu sahani inapungua, akakataa kulishwa. Akakataa pia kupanga mustari ya msaada. "Miye niko mulimaji," alisema. "Kusimama na sahani nitaachia mujukuu wangu, ule hajue kushika jembe." Alisuka vitunga, akaviuza, na ile noti yake ndogo njo alienda nayo kwa bamama ya kasoko.

Kasoko ilikuwa nyuma ya avenyu yetu, mu parseli moja bila nyumba. Bamama kumi na kitu, kila mumoja na jiwe yake ya kukalia. Hakukuwa mizani. Kulikuwa kopo. Mama anajaza maharagi mu kopo mpaka inafanya mulima, anamwanga mu kitunga yako, kisha anarudisha mukono mu gunia na kuongeza. Ile ya kuongeza njo matabishi. Kama mama haongeze, unabaki kusimama na kitunga wazi, na unamwangalia. Haulazimiki kusema kitu. Ile sauti ya maharagi inaanguka mara ya pili, mpaka leo nikiisikia popote nageuka.

Kwangu bamama baliongeza na vidole tatu. Kwa Tate, baliongeza na mukono muzima. Mama ya sombe, majani ya muhogo, anasema, "Tate, kamata na hii kitunguu, imeanza kuharibika." Nilikula zile vitunguu miezi yote ya vita, na hakuna hata moja ilikuwa imeharibika. Miye nikafikiri Tate iko na ujanja kupita basoda ya mugini yote na bunduki zao. Nilikuwa na miaka kumi na ine na nilikuwa mujinga, lakini mujinga mwenye kushiba.

Kisha risasi ikanyamaza kidogo, na patron mumoja akafika. Alikuwa amefanya biashara Ariwara, alikuwa na lori mbili na viatu safi. Alitaka kujenga duka kubwa, na mulango ya kioo, pale pale mu parseli ya kasoko. Shefu ya kartie, mukubwa ya mutaa yetu, akaita batu bote mu kiwanja ya masomo yetu, na mara ile moja niliingia masomo bila kusukumwa.

Mama ya maharagi aliuliza bamama ya kasoko batakaa wapi. Shefu akajibu kama kuko nafasi kando ya mutaro. Baba mumoja, mwenye nyumba yake iliibiwa mara mbili, akasimama. "Bapora banapita kwetu bila kusimama juu banajua hatuna kitu. Weye unaleta duka imejaa sukari. Si unabaandikia barua ya kubakaribisha?" Vijana balitaka kujua nani atapata kazi. Patron alijibu bote na heshima, siwezi kumusingizia. Maharagi itakuwa mu sasheti ya plastiki, alisema, safi, mashini imeipima, bei moja kwa mukubwa na kwa mutoto.

Nikanyoosha kidole sawa mu kalasi.

"Na matabishi?"

Batu bakacheka. "Mutoto, kaa chini," shefu akasema. Patron naye alicheka. "Mashini haijue matabishi, binti yangu."

Upande ya banaume balicheka wakati murefu. Upande ya bamama kicheko ilikatika mara moja. Nilimwangalia Tate. Alikuwa anafungua fundo ya kikwembe yake, ile anafichaka noti, anaifunga tena, anaifungua tena. Mama ya maharagi akasema pole pole, "Sasa Tate atanunua wapi?"

Hakusema atakula wapi. Alisema atanunua. Njo pale nilijua bale bamama balikuwa banafanya nini miezi ile yote, na kwamba bote balijua isipokuwa miye, bingwa ya maneno.

Duka ilijengwa. Bamama bengine balienda soko kubwa, bane bakabaki kando ya mutaro. Siku ya kufungua, Tate alivaa kikwembe ya misa, akakamata kitunga yake, akaniambia twende. Nilienda na bafiki yangu babili, juu nilijua kutakuwa kitu ya kuelezea.

Alichagua sasheti moja ya maharagi, ile ndogo kabisa. Akalipa. Kijana mwenye kuuzisha ku kontwari akamupa. Tate akaiweka mu kitunga, akabaki kusimama, kitunga wazi.

"Imeisha, Tate," kijana akasema.

"Imeisha nini? Bado haujaanza."

Nyuma yetu batu balikuwa banaongezeka. Kijana alimwangalia Tate, akaniangalia, akaangalia mashini yake. Bafiki yangu balikuwa banakufa na kicheko. Nilishika kikwembe yake. "Tate, twende."

"Sina haraka," akajibu. "Huku ndani kuko kivuli."

Hakuna mutu nyuma alilalamika. Bote balikuwa banangoja kuona. Patron akatoka mu biro yake, akamwona ule mumama muzee na kitunga wazi, na nikaona kwamba alielewa mara moja. Hata yeye alizaliwa na mama mwenye alinunuaka na kopo. Akaangalia vitu yake: sasheti, makopo, makartoni, yote imefungwa. Mu ile duka munene hakukuwa hata gunia moja ya kuingiza mukono.

Akakamata sasheti ingine, akaipasula na meno mbele ya batu bote, na viatu yake safi, akakamata maharagi, akatia mu kitunga.

Tate akachungulia ndani.

"Mukono yako iko kidogo," akasema, akatoka.

Duka yote ilicheka, patron wa kwanza.

Kesho yake nilifikiri tutarudi. Tate alipita mbele ya kioo bila kugeuza kichwa, akaenda kando ya mutaro kwa mama ya maharagi. Nilimuuliza juu ya nini. "Alinipa sababu batu balikuwa banaangalia," alisema. Tangu pale, kila asubui patron akiwa ku mulango anamwita, "Tate, leo hauingie?" Naye anajibu, "Mukono yako ikomae kwanza."

Vita ikarudi: tulikimbia muji mara moja tu, tukarudi. Bapora balipita mu duka vile ule baba alisema, na patron akaweka kioo ingine. Bamama babili ya mutaro hatukubaona tena, na hakuna mwenye anajua balifikia wapi. Jiwe zao ziko pale, batoto banazikalia.

Sasa miguu ya Tate imechoka, njo miye ananituma na noti yake, mbele ya kuenda masomo. Mama ya maharagi anajaza kopo mpaka mulima, anamwanga, anarudisha mukono muzima mu gunia. "Hii ya Tate." Miye nabaki kusimama, kitunga wazi, namwangalia.

Ananiongezea na vidole tatu.

"Weye uko na meno," anasema.