Mlango Usio na Kosa

Nani analikwaruza gari lako? Usimsingizie jirani. Ni wewe. Kila asubuhi unachukua kitambaa kikavu, unafuta vumbi, unajisifu kwamba unalitunza, kumbe vumbi ni mchanga, na mchanga ni msasa. Mwaga maji kwanza, uuache mchanga uteremke, ndipo uguse. Ni jambo dogo hivyo, na bado tunapita barabarani na magari yaliyochubuka huku tukilaumu jua.

Maneno hayo Ukucha aliyasema kila siku, hata kwa wasiomuuliza. Jina alilopewa na wazazi wake lilishasahauliwa na wengi. Aliitwa Ukucha kwa sababu hakuweza kupita karibu na gari lenye mkwaruzo bila kuupitishia ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukiteleza, jeraha limeishia kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Polishi na subira vitaliondoa. Ukikwama, jeraha limeshuka mpaka kwenye rangi yenyewe, na hapo hata upake nta mpaka mkono ufe ganzi, umekivalisha kidonda shati jipya tu.

Aliishi na mkewe, fundi cherehani, katika vyumba viwili nyuma ya uwanja wake wa kazi. Barakoa yake ya kupulizia rangi ilikuwa nzuri kuliko kiti chochote cha nyumba ile. Aliinunua kabla hawajapata kitanda, na mkewe hakuwahi kumwacha asahau hilo.

"Nilitaka mume wa kunishika mkono," mkewe alikuwa akiwaambia wateja wake, "nikapewa anayepapasa milango."

Ukucha alicheka kila mara, kama vile anayasikia kwa mara ya kwanza. Hakuna kazi nyingine aliyowahi kuitamani. Aliamini kwamba kila kitu kilichochubuka kinastahili kurudishiwa heshima yake, na alikuwa na bahati ya kulipwa kwa imani hiyo.

Asubuhi moja dada yake mkubwa, dereva wa teksi, aliingiza gari uwanjani akaliacha likinguruma, kama mtu aliyemleta mgonjwa. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa na mstari mrefu. Mkokoteni wa mabomba ulikuwa umempitia kwenye foleni.

Ukucha alipitisha ukucha. Ukakwama.

"Usinitazame kama daktari," dada yake alisema. "Kesho asubuhi hoteli inakagua magari ya kubebea wageni. Nafasi ni moja. Miaka yote nimegombania abiria pale stendi, nakoromewa na makonda waliozaliwa nikiwa na leseni. Nikikosa hii, narudi kule kule."

"Nitaupaka rangi."

"Paka nta ing'ae, mdogo wangu. Nani ataona?"

"Mimi."

"Wewe si mkaguzi."

"Ndiyo maana nitaona, dada. Zima gari."

Akalizima. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kitenge magotini, akaanza kuitazama kazi kama mtu anayemtazama mwizi. Ukucha aliosha mlango, akausugua kwa msasa wa maji, taratibu, mpaka kingo za mstari zikalainika na ukucha ukateleza. Akafunika vioo kwa karatasi. Akapaka rangi ya msingi, akaliachia jua nafasi yake, akachanganya rangi ya fedha kama ya gari, akavaa barakoa na kupuliza.

Rangi ya fedha ina jeuri. Ndani yake mna chembe ndogo zinazorudisha mwanga, na chembe hizo hulala kwa namna mkono ulivyozilaza. Ukucha alilijua hilo kuliko alivyojua siku ya kuzaliwa kwake. Lakini siku hiyo dada yake alikuwa kwenye ndoo, akihema, na mkono wa Ukucha ukapatwa na haraka. Alipuliza kwa karibu mno. Alisimama mbele ya mlango, akautazama uso kwa uso, akaridhika.

"Umeona?" alisema.

Dada yake aliinuka, akasogea ubavuni mwa gari kunyoosha mgongo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mbona una kivuli?"

Ukucha alikwenda aliposimama. Kutoka pale, mahali alipopaka palionekana peusi, kama kiraka kwenye shati jeupe. Rangi ilikuwa imelowa, chembe zikazama. Fedha haikaguliwi uso kwa uso. Inakaguliwa kwa pembeni. Kosa hilo alikuwa akiwakemea mafundi wenzake kwalo.

"Nta ingenitosha," dada yake alisema.

Ukucha aliingoja rangi ikauke, akaisugua upya, na akiwa bado ameinama akasema, "Nisikilize vizuri. Safari hii nitaanza na mlango huu wa nyuma, lakini nitaivuta rangi mpaka kwenye mlango wa mbele, ipungue kidogo kidogo hadi ipotee. Halafu milango yote miwili niivalishe klia mpya."

"Mlango wa mbele una kosa gani?"

"Hauna."

"Basi uache."

"Jicho la mtu linatafuta mpaka, dada. Rangi mpya ikiishia kwenye ukingo wa mlango, hata ifanane vipi, jicho litaukamata ule mstari. Lazima nimshirikishe asiye na kosa."

"Umeshaniharibia mmoja, sasa unaomba wa pili."

"Naomba."

Mkewe Ukucha alikuwa amesimama mlangoni na mkasi mkononi. "Wifi," alisema, "mimi nikitia kiraka kwenye gauni, naanza kushona nje ya tundu, kwenye kitambaa kizima. Kwenye tundu uzi utashika nini?"

Dada mtu alimtazama wifi yake, akamtazama mdogo wake. "Mmepanga ninyi wawili."

"Tungepanga, tungekuwekea kiti," mkewe alisema.

Dada alicheka bila kupenda. Akarudi kwenye ndoo, akaipa mgongo kazi. "Fanya. Sitaki kuona."

Ukucha alirudi nyuma hatua moja, akaulegeza mkono, akapuliza rangi nyepesi kama pumzi kwenye kioo. Kila mkupuo aliutazama kwa pembeni kabla ya kuongeza mwingine. Klia ilipokwisha kulala, uwanja ulinuka dawa na jua lilikuwa bado kali. Gari likaachwa likauke, na wote watatu wakakaa kivulini wakinywa chai, wakibishana nani alikuwa mkaidi zaidi utotoni. Kwa muda ule Ukucha hakuwa na wasiwasi wowote. Mkono wake ulikuwa umemwambia.

Asubuhi iliyofuata alipitisha polishi, akapanda gari pamoja na dada yake mpaka hotelini. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Limewahi kugongwa hili?"

Dada alishuka garini. "Limekwaruzwa jana, mama. Mlango mmoja. Limetengenezwa jana hiyo hiyo."

Mkaguzi alilizunguka gari polepole. Hakulitazama uso kwa uso. Aliinama kwenye taa za nyuma, akaupitisha mtazamo wake ubavuni, kushoto, kisha kulia, na Ukucha akamfuata kwa macho, maana huyu alijua kutazama. Mama yule alisimama upande wa kulia, akaugonga mlango wa mbele kwa kifundo cha kidole.

"Ni huu, siyo?"

"Hapana, mama," dada alisema. "Upande ule mwingine. Wa nyuma."

Mkaguzi alirudi kushoto, akavaa miwani, akainama tena, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akatoa kwenye mkoba wake kibandiko cha hoteli cha magari yaliyokubaliwa, akakibandika kwenye kioo cha mbele bila kuuliza swali lingine.