CD ya Harusi ya Dada Yangu

Mama alisafiri kutoka Vihiga hadi kwangu Kitengela ili aone harusi ya dada yangu, aliyeolewa Uingereza bila yeyote wetu kuwepo. Dada alikuwa ametutumia picha kwenye CD, na mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta.

Nilipoitia kwenye kompyuta, mashine ilinguruma, kisha ikaniambia nitie CD. Hata CD nyingine zilikuwa zikisomeka nusu nusu, kwa hivyo nililaumu vumbi la machimbo ya mawe, ambalo huku huingia mpaka kwenye sukari. Nilifungua mashine, nikapangusa lenzi kwa pamba na spiriti, nikakaza waya. Mama alikaa kando yangu akisubiri, amevaa nguo ya kanisani.

Baadaye CD yangu ya kwaya ilicheza vizuri. Ya harusi ikakataa. Niliipeleka kwa jirani, na kompyuta yake ikaonyesha wazi kwamba CD hiyo haina kitu ndani.

Nikampigia dada simu.

"Aki nilichanganya," alisema akicheka. "Hiyo ni tupu. Nitatuma ingine."

"Mama ako hapa. Amekuja kukuona."

"Si umwambie tu mashine yako imeharibika."

Nilimwambia mama hivyo.

"Na hiyo kwaya nimesikia ikiimba?" aliuliza.

Kesho yake alirudi nyumbani, na CD nyingine haikuja kamwe. Siku hizi dada hulalamika kwamba simpigii simu.