Ratili Kumi na Tano

Nilikwenda kwa baba, Ibra, Ijumaa ile na ujumbe nisioutaka. Kaka zangu walikuwa wameshakata shauri huko Maskat: baba amezeeka, akili zinamruka, nyumba iuzwe na yeye ahamie kwao. Wakanituma mimi nimwambie, eti binti maneno yake laini. Nilichukia kutumwa, lakini nilikwenda.

Baada ya shikamoo na marahaba sikuthubutu kusema. Baba alikuwa ameshafunga kifurushi cha halwa, anataka nimpeleke kwa rafiki yake Bedui anayekaa jangwani, ndani ya mchanga. Tulipofika ukingoni mwa mchanga nikasimamisha gari tupunguze upepo wa mipira lisizame, kama afanyavyo kila mtu huku.

"Weka kumi na tano," akasema bila ya kushuka.

Geji yangu mpya ya upepo ilisoma mbili nukta nne. Kumi na tano! Mpira ungepasuka zamani. Nikasema moyoni, kumbe kaka zangu hawakusingizia, mzee hata nukta imempotea. Nikamtilia mimi hiyo nukta: moja nukta tano, mipira yote minne. Nikajiona mwenye huruma kweli kweli.

Kilima cha pili tu, gari likazama mpaka tumboni. Kila nikikanyaga mafuta linazidi kujichimbia. Baba akashuka taratibu, akaubonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Mgumu huu. Geji yasemaje?"

"Moja nukta tano, baba. Kama ulivyosema."

"Moja na nusu ya nini?"

Nikamwonyesha geji. Akanieleza bila ya kunicheka: yeye ufundi wa magari kajifunza Unguja, na huko upepo wakiupima kwa ratili, yaani pauni, kwa inchi mraba. Geji yangu inapima kwa kipimo kingine kiitwacho bar, na bar moja ni ratili kumi na nne na nusu.

"Sasa hapa una ishirini na mbili kasoro kidogo. Toa mpaka moja, khalas. Na usikanyage kwa pupa."

Hesabu hiyo aliipiga kichwani, jua la utosini, mimi ningali natafuta simu mkobani. Nikatoa upepo, na gari likatoka mara ya kwanza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

"Haya, sema lililokuleta," akasema tulipopata ardhi ngumu. "Tangu asubuhi umevaa uso wa msiba."

Nikamwambia lote.

"Na weye ulisemaje?"

"Nilikubali, baba."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliutazama mchanga ulio mbele yetu, akauliza polepole, "Bila ya kuniuliza?"

Nikampigia kaka mkubwa palepale. "Nilikubali bila ya kumuuliza mwenye nyumba," nikamwambia. "Yupo hapa. Muulize mwenyewe."

Nikampa baba simu.